Pazia la Daraja la Mbele

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Viwanja vya Nzuguni. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimerudi na habari kubwa, na naiandika kabla sijaivua kofia.

Mama Anyesi ndiye anayeingiza nchini zile mashine nzuri za kukamua alizeti. Leo ametangaza bandani kwake kwamba kanda yote hii ya kati anataka wakala mmoja tu. Si wawili. Majina yaliyobaki ni langu na la Abdulnasiri.

Abdulnasiri ni mtoto wa shangazi yangu. Duka lake la spea linatazamana na langu pale Majengo. Mimi nauza mikanda, beringi na vichujio. Yeye anauza mikanda, beringi na vichujio. Marehemu baba alifungua langu kwanza, baba yake akaliona, akafungua la kwake. Huo ndio ukweli. Kwao wanausimulia kinyume.

Sina ugomvi naye. Kila asubuhi nikinywa chai nainua kikombe, namwambia karibu. Anainua mkono, ananijibu starehe. Yeye akinywa ya kwake hunikaribisha, nami namwambia nimeshiba. Miaka nenda rudi, hakuna aliyewahi kuvuka barabara. Ndivyo watu wastaarabu wanavyoishi.

Lakini atakayepata uwakala ndiye atakayeletewa spea halisi. Asiyepata atauza makufuli. Baba hakuniachia duka ili niuze makufuli.

Mama Anyesi anakwenda Dubai wiki ijayo kutazama mashine mpya. Ametualika sote wawili, kila mtu kwa nauli yake. Jibu atalitoa tukisharudi. Abdulnasiri ameshakata tiketi, kiti cha nyuma, cha kawaida. Amejiharakisha kama kawaida yake.

Mimi nilimtafuta kwanza Methusela, dereva wa Mama. Nilimpa kambale mkavu wa Bahi, mnene. Akaniambia Mama hukaa daraja la biashara kila safari, mbele kabisa. Akaniambia pia kwamba huku chini Mama hazungumzi na mtu kwa sababu ya simu. Angani simu haiiti. Angani ndipo anapozungumza.

Safari nzima ubavuni pa Mama Anyesi! Na Abdulnasiri nyuma ya pazia, na watoto wa watu wakimpiga mateke mgongoni. Nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeuza guta. Lile la injini, linalopeleka mizigo kwa wateja. Amelichukua Khamisi wa Chang'ombe. Nilimwomba afute jina langu ubavuni, akasema atafuta akipata rangi.

Tiketi nimekata. Binti wa wakala wa tiketi, Yusra, alinitazama, akaitazama kandambili yangu, akaniuliza mara ya pili kama nimesema daraja la biashara. Nikamwambia mimi ni mfanyabiashara, nikae wapi kwingine? Akanitafutia kiti kinachopakana na cha Mama. Binti mzuri, ana heshima.

Nyumbani mke wangu, Salwa, aliuliza swali moja tu. Kile kiti cha mbele, kitafika Dubai kabla ya vile vya nyuma? Nilimwambia hiyo siyo hoja. Akauliza hoja ni ipi. Nikakumbuka kwamba sijaswali laasiri, nikatoka.

Jumanne, 12 Agosti

Mazoezi. Sitaki kuonekana mshamba mbele ya Mama.

Yotham kinyozi ana kiti kinacholala. Nilimwomba asubuhi, kabla ya wateja. Amekwisha kuona video nyingi za viti hivyo kwenye simu, kwa hiyo ndiye mtaalamu tuliye naye. Alisema siri ni kutoshangaa. Wakikuletea taulo la moto, usishangae. Kiti kikilala, usishangae. Tajiri hashangai, amechoka tu.

Nikalala, nikafanya uso wa uchovu. Yotham akanifunika taulo la moto usoni. Nikasikia mtu anaingia, anasema pole sana, Mungu ampe nafuu. Ilikuwa sauti ya Abdulnasiri, amekuja kunyoa ndevu za safari.

Sikuondoa taulo. Alimuuliza Yotham ni nani. Yotham alisema ni mgeni kutoka Kondoa. Abdulnasiri akanyoa kwenye kiti cha pili, akaondoka, na uso wangu ukatoka mwekundu kama nyanya. Hata hivyo zoezi lilifaulu. Sikushangaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumeshuka Dar kwa treni. Abdulnasiri na mimi, behewa moja, kwa sababu huko Mama hayupo.

Ana mfuko wa plastiki wenye visheti alivyokaangiwa na mkewe, Naima. Alifungua, akanikaribisha. Nikamshukuru, nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa tangu Gulwe.

Aliniuliza nimekata kiti gani. Nikasema cha kawaida tu, binamu, cha kukalia. Sikusema uongo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa Dubai, hotelini. Nitaandika kila kitu kwa utaratibu ili nijue nilipokosea, ingawa sidhani kama nilikosea.

Uwanja wa ndege, mstari wetu wa mbele una zulia jekundu. Dogo, urefu wa mkeka wa kuswalia. Nilipita juu yake. Abdulnasiri alikuwa ameinama anatafuta pasipoti, hakuona. Nikarudi, nikapita tena. Mara hii aliona. Akahamisha tu mfuko wa visheti kutoka mkono huu kwenda huu.

Kisha kuna ukumbi wetu wa kupumzikia. Chakula bure! Sambusa, mayai, jibini la namna tatu, keki. Nilikula kwa niaba ya guta langu. Nilimpigia simu Abdulnasiri kumuuliza kama huko nje kuna pa kukaa. Alisema amepata nguzo ya kuegemea.

Ndani ya ndege watu wa mbele wanatangulia kuingia. Hii ndiyo siri ambayo Salwa hakuielewa. Si suala la kufika kwanza. Unakaa, unaletewa maji ya matunda kwenye glasi ya kweli, na abiria wote wanapita mbele yako mmoja mmoja wakikutazama magoti. Mama Anyesi alikuwa ameshakaa upande wangu wa kulia. Nikampa shikamoo, akaipokea vizuri. Yeye ni mtu wa Bahi, kwao ni mpunga na ng'ombe, utajiri haujamharibu.

Abdulnasiri alipita na mfuko wake. Alimwamkia Mama, akanitazama mimi, akatazama nafasi ya miguu yangu. Nilifanya uso wa uchovu.

Taulo la moto lilikuja. Sikushangaa. Nilifuta uso, shingo, masikio na mikono mpaka kwenye viwiko. Likawa na rangi ya barabara ya Nzuguni. Nikaomba la pili. Mhudumu aliniletea, na akalibeba la kwanza kwa vidole viwili.

Tuliporuka, mhudumu akafunga pazia. Hapo roho haikutulia. Pazia likifungwa, nani ataniona? Abdulnasiri alikuwa kiti cha kwanza kabisa nyuma yetu, kwenye njia. Nikamwomba mhudumu aache upenyo kidogo, nikasema nahitaji hewa. Akaacha.

Sasa, Mama. Alivua miwani, akanigeukia, akasema haya, Amiri, niambie kwa nini nikupe wewe. Methusela hakunidanganya. Ndiyo saa niliyoiuzia guta!

Nilitaka kukaa wima. Nikabonyeza kitufe. Kiti kikaanza kulala. Nikabonyeza kingine, kikaja kitu cha miguu. Nikabonyeza vyote. Kiti kiliendelea kushuka polepole bila kelele, na mimi niliendelea kueleza historia ya duka la baba, kwa sababu tajiri hashangai. Nilipofikia mwaka tulioanza kuuza beringi nilikuwa chali, natazama taa. Mama aliuliza kama nimechoka. Nilisema hapana, Mama, hivi ndivyo ninavyofikiri vizuri.

Ndipo chakula kikaja. Kitambaa cheupe, sahani ya udongo, uma mzito, chumvi kwenye kichupa chake. Mhudumu alinisaidia kuinua mgongo nusu. Nikageuka. Upenyoni, macho yangu yakakutana na ya Abdulnasiri. Cha kwao hakijafika bado. Alikuwa na kisheti kimoja mkononi.

Nitasema kweli, daftari hili ni langu. Nusu ilikuwa adabu, maana mtu hali mbele ya mtu bila kumkaribisha. Nusu ilikuwa maringo. Niliinua uma, nikasema kwa sauti ileile ya kuvusha barabara: karibu, binamu!

Daraja zima la mbele liligeuka. Nikasubiri starehe yangu.

Abdulnasiri akafungua mkanda.

Sikuamini. Alipita penye pazia, akamuuliza mhudumu ni wapi atanawa mikono, akanawa, akarudi, akakaa kwenye ile sehemu ya miguu yangu, magoti kwa magoti na mimi. Akasema bismillahi. Akavuta kuku.

Mhudumu alikuja mbio. Alisema kwa upole kwamba abiria wa nyuma hawaruhusiwi. Mama Anyesi alikuwa ananitazama. Ningefanya nini? Umemwita mtu kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya mama mtu mzima wa Bahi, halafu umfukuze na mkono wake uko kwenye sahani? Nikajisikia nikisema huyu ni mgeni wangu, tafadhali, amalize kula. Mama akamwomba mhudumu aongeze sahani. Mhudumu akakubali, lakini mpaka vyombo viondolewe tu.

Na Mama akacheka! Alisema ndege amepanda nyingi, na huku mbele hajawahi kusikia mtu anamwambia mwenzake karibu. Watu wanakula wametazama ukuta kama waliogombana. Alinishika bega. Kwa muda ule nilikuwa nashinda. Naliandika hili ili lijulikane.

Kisha Abdulnasiri akamuuliza habari za mpunga wa Bahi, maji yamefika wapi mwaka huu. Basi. Wakaanza. Mpunga, ng'ombe, kambale, ndugu zake Mama, barabara ya kwenda kwao. Mimi sikuweza kuinua kiti kwa sababu mgeni alikuwa amekalia miguu ya kiti. Nikabaki nimelala nusu katikati yao, wao wameinama huku na huku wanazungumza juu ya tumbo langu. Mhudumu mwingine alipita akaniuliza kama najisikia nafuu.

Vyombo viliondolewa tulipokaribia kushuka. Abdulnasiri alinishukuru kwa chakula. Alikula na keki yangu.

Jambo la mwisho, Salwa asilijue. Tulishuka kwanza sisi wa mbele. Nilimkuta Abdulnasiri kwenye mstari wa pasipoti, mbele yangu, kwa sababu mimi nilirudi ndani kuchukua soksi za bure.

Jumatatu, 18 Agosti

Joto. Dodoma ina jua, lakini jua letu lina adabu, jioni linaondoka.

Tumezungushwa ghala la mashine siku nzima. Abdulnasiri ameuliza maswali. Mimi nimeuliza maswali marefu zaidi.

Mwishoni Mama alituita pamoja. Alisema hajaamua. Alisema sote ni watu wa heshima na angependa kumaliza neno hili tukiwa njiani kurudi, tukila, kama ile siku. Alisema tangu siku ile amekuwa akiwaza. Kuna mtu anayekaribisha na kuna mtu anayeitika. Akaenda kulala.

Nimekaa na maneno hayo mpaka kichwa kikawa kizito. Mtu anayekaribisha, nilikuwa mimi. Nilipata nini? Nilipata kulala chali. Mtu aliyeitika alipata kuku, keki na mazungumzo. Kwa hiyo nguvu yote iko kwa mgeni! Mwenyeji anashika sahani, mgeni anashika maneno. Nimekuwa upande usiofaa wa pazia.

Mpango: safari ya kurudi Abdulnasiri akae mbele. Mimi nikae nyuma, nisubiri kuitwa.

Mwepesi na safi. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nikiwa nyumba ya kulala wageni, Dar. Bado nina njaa.

Mpango ulianza vizuri ajabu. Mlangoni mwa ndege nilimwambia mhudumu kwamba binamu yangu ana magoti mabovu, naomba tubadilishane viti. Abdulnasiri alisema magoti yake ni mazima. Nilimwambia asione haya. Mhudumu alisema kama wenyewe tumeridhiana, yeye hana neno. Mama Anyesi aliyasikia yote. Aliweka mkono kifuani, akasema watu wa namna hii wamebaki wachache.

Nilikwenda nyuma kwa hatua za mtu mwema.

Kiti cha kwanza nyuma ya pazia. Kulia kwangu mama mmoja aliyempakata mtoto, na mguu wa mtoto mfukoni mwangu. Haikunisumbua. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, kwa makusudi, nije mezani na hamu. Walipoleta trei zetu za kawaida, kuku au samaki, nilikataa zote mbili. Mhudumu akauliza kama nina hakika. Nikasema nina mwaliko.

Maneno nilikuwa nimeyaandaa. Nakuja, binamu. Mawili tu, ya kawaida. Niliyarudia moyoni kama mtoto anayekariri.

Pazia likafunguka. Abdulnasiri, amefunga kitambaa cheupe shingoni. Harufu ya nyama ya kuchoma ikamtangulia. Akasema karibu chakula, binamu, Mama anakuita, anataka tumalize lile neno letu.

Yote kama nilivyopanga! Nikafungua mdomo.

Mdomo ukasema asante sana, nimeshiba, starehe.

Sijui maneno hayo yametoka wapi. Najua yametoka wapi. Yametoka kwa mama yangu, aliyekuwa akinifinya paja kila nikitazama sahani ya watu. Nilisikia sauti yangu nikadhani ni ya mtu mwingine. Abdulnasiri, kwa adabu, akanikaribisha tena. Akasema njoo, binamu, hata matonge mawili. Hapo nilikuwa na nafasi. Mwanya mkubwa, wa kupita lori. Nikaweka mkono tumboni, nikasema endeleeni tu, nimetoka kula sasa hivi.

Tumbo likanguruma chini ya mkono. Yule mama aliyempakata mtoto alinitazama muda mrefu.

Nilingojea mara ya tatu. Kwetu mtu hukaribishwa mara tatu, ya tatu ndipo unanyanyuka kama unayelazimishwa. Lakini mhudumu alikuwa na haraka na kigari chake. Akamwomba Abdulnasiri akae. Pazia likafungwa, na safari hii halikuachwa upenyo.

Niliwasikia wanacheka. Niliomba trei yangu ya kawaida, wakasema zimekwisha. Walinipa biskuti. Mtoto alikula moja.

Jumamosi, 23 Agosti

Dodoma. Mama Anyesi alipiga simu wakati nafungua duka.

Alisema mimi ni mtu mwenye moyo mkubwa. Nampa mwenzangu kiti, naitwa chakulani nakataa, siku zote nimeshiba. Alisema amefurahi kufahamiana na mtu aliyeridhika na alichonacho. Ila kazi ya uwakala inataka mtu ambaye bado ana njaa, kwa hiyo amempa Abdulnasiri. Akaniombea Mungu anizidishie.

Salwa aliuliza ni nani. Nilimwambia ni Mama Anyesi, ananiombea dua.

Kisha nikaingia nyuma ya maboksi ya mikanda, nikalia. Si sana. Niliona misumari ambayo baba aliigonga ukutani kwa mkono wake, ya kutundikia vichujio, na nikafikiria makufuli yakining'inia pale. Vumbi pia lilikuwepo.

Nimempa Salwa vile vitu vya bure vya ndege. Soksi, na kile kitambaa cha kufunika macho. Amekivaa, akalala mchana wote. Anasema ndicho kitu cha kwanza cha maana kilichotoka kwenye guta lile.

Jumatano, 27 Agosti

Nimebeba vichujio kichwani mpaka Kizota, kwa mteja. Njiani nimepitwa na guta. Limejaa mashine mpya za Abdulnasiri, zimefungwa kamba. Ubavuni bado limeandikwa AMIRI SPEA, KARIBU SANA. Khamisi alinipigia honi. Hajapata rangi.

Asubuhi nikiwa mlangoni, Abdulnasiri aliinua kikombe chake ng'ambo ya barabara. Alisema karibu, binamu, tunywe chai tuzungumze, natafuta mtu wa kunishikia mashine upande wa Kondoa.

Starehe, nikamjibu, nimeshakunywa.

Jioni nilimsimulia Salwa. Aliinua kile kitambaa kutoka jicho moja, akaniuliza alikuwa anasema nini kuhusu Kondoa. Nikasema sijui, sikuvuka. Akakishusha tena.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefumbua fumbo. Kumbe nilikuwa natazama vibaya tangu mwanzo. Kwa nini nihangaike kukaa daraja la mbele la watu, wakati naweza kuwa nalo la kwangu?

Nimeligawa duka. Mbele, benchi, wateja wa kawaida. Nyuma, pazia, na kule ndani kiti kimoja cha kulala, kibovu kimoja cha Yotham nilichokikodi. Taulo la moto kwenye chupa ya chai. Juisi kwenye glasi. Mteja mkubwa wa spea akae huko, aheshimiwe. Hakuna duka lingine la spea lenye kitu hiki, Dodoma nzima. Salwa aliuliza nyuma ya pazia mkanda ni mrefu zaidi? Nilimwambia hiyo siyo hoja.

Jumanne, 2 Septemba

Siku ya kwanza ya daraja la mbele. Naandika haraka, watu bado wako ndani.

Saa nne hivi nilikuwa nimekaa mwenyewe kwenye kiti, nakijaribu, na chai ya maziwa na chapati mbili. Pazia nililiacha upenyo kidogo, watu wa barabarani waone. Abdulnasiri akapita. Akatazama. Mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati, lakini ukapata nafasi. Karibu, binamu!

Akasimama. Akatazama pazia, akatazama kiti. Akavuka barabara, akavua viatu.

Nilimpisha kiti, maana ni mgeni. Nilimpa taulo. Alisema la hapa lina joto zuri kuliko la ndege. Alipokuwa kwenye chapati ya pili akaingia Mzee Jaha, mteja wangu wa tangu enzi za baba, kutoka Kondoa, anatafuta vichujio. Nikampa shikamoo, nikamkaribisha nyuma ya pazia, kwa sababu huyo ndiye mteja mkubwa hasa. Nikaenda kuchemsha chai nyingine.

Niliporudi walikuwa wamekwisha kuelewana. Abdulnasiri alikuwa amemweleza kwamba anatafuta mtu wa kumshikia mashine Kondoa, alimkaribisha mmoja lakini yule anasema ameshiba. Mzee Jaha alisema yeye hajashiba. Wakashikana mikono juu ya trei yangu. Mzee alinishukuru sana, akasema kumbe kuna maduka watu wanakutanishwa vizuri namna hii. Vichujio atachukua kwa Abdulnasiri, ni halisi.

Sasa wamemaliza chai, na Mzee Jaha anajaribu kulala kwenye kiti. Mimi nimekaa huku mbele kwenye benchi la kawaida, naandika, na nimeshaona kosa liko wapi.

Ni pazia. Ni jepesi mno, mtu akiwa barabarani anaona ndani. Kesho nakwenda sokoni kutafuta zito.